Dhamiri za Kiarabu kwa anayeanza: anza na zilizo tayari mdomoni mwako

Darasa langu la Kiarabu la watu wazima hukaa Kirumba, hapa Mwanza, kati ya Magharibi na Isha. Idadi ya wanafunzi hufuata mwezi. Siku za giza wavuvi wa dagaa wako ziwani na karabai zao, nami hubaki na mafundi cherehani, akina mama wa soko la Mwaloni na vijana wawili watatu wanaojiandaa kwenda Oman kutafuta kazi. Mbalamwezi ikiwaka, dagaa hawafuati taa, wavuvi hupumzika, na chumba hujaa mpaka wengine hukaa kizingitini. Kwa hiyo kila mwezi ninao wapya, au waliosahau, na kila mwezi narudi kwenye somo lile lile: dhamiri, yaani mimi, wewe, yeye na wenzao. Nimelirudia mara nyingi mno, sasa najua pale Mswahili anapojikwaa na pale anapopita bila taabu. Mwongozo huu nimeupanga kufuata hayo.

Mimi mwenyewe nilifundishwa kwa kuimba jedwali: huwa, humaa, hum, hiya, humaa, hunna, tunateremka hadi nahnu huku tunayumba kwenye mkeka. Niliimba muda mrefu bila kujua kwamba ile "kum" ya "assalaamu 'alaykum", niliyoisema kutwa, ni dhamiri. Hakuna aliyeniambia. Jedwali ni zuri na utalikuta humu, ila silitangulizi.

Unachohitaji ni kuzijua herufi za Kiarabu pamoja na fatha, kasra na dhumma, hata kama bado unasoma kwa kusitasita. Uwe na daftari na mtu mmoja wa kusemezana naye. Katika maandishi ya Kilatini humu, irabu mbili mfululizo (aa, ii, uu) ni sauti ya kuvuta, na alama ' ni herufi ع, au hamza inapokuwa katikati ya neno. Ila jicho lako liwe kwenye hati ya Kiarabu, maana h yetu moja inabeba herufi mbili za Waarabu.

Hatua ya kwanza: okota ulizo nazo

Kabla ya neno jipya hata moja, tukusanye yaliyopo.

"Assalaamu 'alaykum": 'alay ni "juu ya", kum ni "nyinyi". Amani iwe juu yenu. Hapo tayari unayo moja.

Ukisikia msiba unasema "innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun". Neno innaa limeungwa na inna (hakika) na naa (sisi). Neno ilayhi ni ilay (kwa, kuelekea) na hi (yeye): hakika sisi ni wa Mwenyezi Mungu, na hakika sisi kwake tutarejea. Maulana tunalitamka kama neno moja la Kiswahili, kumbe ni mawlaa na naa: bwana wetu. Yarabi ni "ewe Mola wangu", na ile i ya mwisho ndiyo "wangu". Habibi, ambalo hata asiyeujua msikiti analijua, ni "kipenzi changu", kwa i hiyo hiyo.

Sasa msikilize khatibu siku ya Ijumaa anapowataja Maswahaba. Akimtaja Abubakar anasema "radhiyallaahu 'anhu", Mungu amridhie. Akimtaja Bibi Aisha anasema "'anhaa". Akiwataja wawili, mtu na baba yake kwa mfano, anasema "'anhumaa". Wakiwa wengi, "'anhum". Kila Ijumaa unasomewa dhamiri za nafsi ya tatu: mwanamume, mwanamke, wawili, wengi. Ulikuwa hujaonyeshwa tu.

Andika haya daftarini, ukurasa wa kwanza, na kila dhamiri uipigie mstari chini. Wanafunzi wangu hufikisha nane au tisa kabla sijafungua kitabu. Nimeona watu waliokuja na hofu ya Kiarabu wakishusha mabega hapo hapo.

Hatua ya pili: majina matatu ya walimu, upesi

Kitabu chochote cha nahau, yaani sarufi, utakachoshika kitakutajia mutakallim, mukhaatab na ghaa'ib. Mutakallim ni anayesema (mimi, sisi). Mukhaatab ni anayesemeshwa (wewe, nyinyi), mzizi mmoja na khutuba. Ghaa'ib ni asiyekuwepo, na sisi bado tunasema mtu amesoma kwa ghaibu, yaani kitabu hakipo mbele yake. Dhamiri yenyewe, ضَمِير, kwa Kiarabu ni kiwakilishi na pia ni kile kilichofichika ndani ya mtu, maana tuliyobaki nayo sisi. Mzizi wake unabeba maana ya kuficha. Kumbuka hilo, kwa sababu mbele kidogo tutakutana na dhamiri zinazojificha kweli.

Hatua ya tatu: tano za kwanza

Usibebe kumi na nne kwa mkupuo. Beba tano:

أَنَا ana, mimi
أَنْتَ anta, wewe mwanamume
أَنْتِ anti, wewe mwanamke
هُوَ huwa, yeye mwanamume
هِيَ hiya, yeye mwanamke

Ana huandikwa kwa alifu mwishoni, lakini ukiunganisha na neno linalofuata alifu hiyo haivutwi.

Sasa tengeneza sentensi. Hapa Mswahili ana bahati: Kiarabu hakidai "ni" katikati. Sisi pia husema "mimi mvuvi", "yeye fundi", na watu wanatuelewa. Waarabu husema hivyo hivyo: أَنَا صَيَّادٌ ana sayyaadun, mimi mvuvi. هُوَ خَيَّاطٌ huwa khayyaatun, yeye fundi cherehani. هِيَ خَيَّاطَةٌ hiya khayyaatatun, fundi huyo akiwa mwanamke. أَنَا مُعَلِّمٌ ana mu'allimun, mimi mwalimu. Ukijikuta unatafuta neno la kuziba pengo la "ni", acha. Pengo hilo ni sahihi.

Kinachotusumbua ni masikio. Maneno matatu kati ya haya matano yana maana nyingine kabisa kwa Kiswahili. Ukisema "ana sayyaadun", sikio la Kiswahili linasikia kwamba mtu fulani anaye sayyaadun. Ukisema "huwa taalibun", linasubiri umalizie: huwa anafanya nini? Na anti kwa mjini ni shangazi, au mwanamke yeyote unayemheshimu. Siku moja kijana alimgeukia mama mmoja muuza dagaa akamwambia "anti taalibatun", wewe ni mwanafunzi. Mama akaniuliza, "Ustadhi, ananiamkia au ananifundisha?" Nikamjibu, "Anakuambia wewe, mama." Akaandika daftarini kwa herufi kubwa: ANTI = WEWE. Tangu siku hiyo naanza na onyo hili, na namtaka kila mwanafunzi aseme kila neno mara tano huku akinyoosha mkono: kifuani kwa ana, kwa jirani kwa anta au anti, mlangoni kwa huwa na hiya. Mkono husaidia sikio kuachana na Kiswahili.

Jambo la pili ni la uzito zaidi. Yeye wetu hana jinsia. Kisukuma hakina, Kikerewe hakina, wala lugha yoyote ya Kibantu unayoisikia stendi ya Nyegezi haina. Mtu amekulia miaka 40 akisema yeye kwa mume na kwa mke, sasa ghafla anatakiwa kuchagua. Hata mwanafunzi hodari atasema "huwa" akimtaja mkewe, si kwa kutojua, ni mazoea ya ulimi. Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kuzungumzia watu halisi wa nyumbani. Kila jioni taja watu sita unaowafahamu, na kwa kila mmoja sema huwa au hiya kabla ya kusema kazi yake. Baba: huwa. Mama: hiya. Usiruke. Baada ya wiki mbili ulimi unaanza kusita wenyewe kabla ya kosa, na kule kusita ndiko kujifunza.

Kati ya anta na anti tofauti ni irabu moja. Itamke waziwazi. Anayekula irabu ya mwisho huwa amefuta jinsia ya mtu aliye mbele yake. Ukifika Oman utasikia watu mitaani wakisema inta na inti, na vingine vingi vimefupishwa. Usihangaike navyo sasa. Mwenye fasihi, yaani Kiarabu sanifu cha vitabuni, huielewa lahaja upesi, anayeanza na lahaja peke yake hupata taabu akifungua kitabu.

Hatua ya nne: kitabu nacho ni huwa

Kwa Kiswahili huwezi kukiita kitabu "yeye". Tuna ngeli: kitabu kiko, kalamu iko, maji yako. Kiarabu hakina ngeli, kina jinsia mbili tu, na kila kitu kimo katika mojawapo. Ukiulizwa أَيْنَ الْكِتَابُ؟ (ayna l-kitaabu, kitabu kiko wapi?) utajibu هُوَ عَلَى الطَّاوِلَةِ huwa 'alaa t-taawilati, kiko mezani. Saa ikiwa mezani utasema hiya.

Utajuaje? Alama kubwa ya jinsia ya kike ni ة mwishoni mwa neno, na Kiswahili kimekuachia kidokezo. Maneno mengi tuliyochukua kutoka Kiarabu yakiishia na a yalikuwa na ة huko yalikotoka: madrasa, dakika, fursa, sura, kahawa, siasa, safina. Yote ni hiya. Yale tuliyoyaongezea i au u mara nyingi ni huwa: kitabu, kalamu, sahani, sabuni, sukari, samaki. Hata katika nguzo za Uislamu, swala na zaka ni hiya, saumu na haji ni huwa.

Kidokezo hiki kina mashimo, na mawili yake ni ya kila siku. Dua na dawa zinaishia na a kwetu, lakini kwa Kiarabu mwisho wake ni hamza, دُعَاء na دَوَاء, nazo ni huwa. Jua, شَمْس shams, halina ة lakini ni hiya. Mwezi, قَمَر qamar, ni huwa. Ziwa ni بُحَيْرَة buhayra, hiya, wakati bahari, بَحْر bahr, ni huwa. Wavuvi wangu hawajawahi kusahau la mwezi, kwa sababu wakilisikia darasani mwezi wenyewe huwa unawaka nje.

Vitu visivyo watu vikiwa vingi, Kiarabu huviita hiya, yaani kama kitu kimoja cha kike. "Vitabu vyangu viko wapi?" jibu lake ni hiya 'alaa t-taawilati, ingawa kitabu kimoja kilikuwa huwa. Liandike pembeni, utalihitaji kila siku.

Hatua ya tano: wengi, na wawili

Wingi hauna kazi kubwa:

نَحْنُ nahnu, sisi
أَنْتُمْ antum, nyinyi wanaume, au mchanganyiko
أَنْتُنَّ antunna, nyinyi wanawake
هُمْ hum, wao wanaume, au mchanganyiko
هُنَّ hunna, wao wanawake

Wanawake kumi wakiwa na mwanamume mmoja kati yao, kwa nahau ni hum. Nuni ya hunna na antunna imekazwa, ibane puani kidogo. Na katika nahnu, h ni ح, ile ya kati ya koo, kama unavyohemea kioo cha miwani ili ukifute. Ukiitamka kama h ya "hapa" umeweka herufi nyingine.

Kiswahili hakina uwili: wakizidi mmoja wamekuwa wengi. Kiarabu kina mmoja, wawili, kisha wengi. Kwa wawili wasiokuwepo ni هُمَا humaa, kwa wawili unaowasemesha ni أَنْتُمَا antumaa. Jambo jema ni kwamba hapa jinsia haitazamwi: wanaume wawili, wanawake wawili, mume na mke, wote humaa. Huku Usukumani hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto, na majina hayo huitwa wa kike na wa kiume sawasawa. Kulwa na Doto wakitoka nje, humaa. Wakiwa mbele yako, antumaa. Nikisema Kulwa na Doto darasani, hakuna anayeniuliza tena uwili ni nini.

Kuhusu sisi hakuna uwili wala jinsia. Wawili ni nahnu, elfu ni nahnu.

Sasa ndipo jedwali linapokuwa na maana. Walimu wa kale hulipanga kuanzia asiyekuwepo: huwa, humaa, hum, hiya, humaa, hunna, anta, antumaa, antum, anti, antumaa, antunna, ana, nahnu. Nafasi kumi na nne, lakini humaa na antumaa zimejirudia, kwa hiyo maumbo ni thenashara. Liimbe ukipenda. Kuimba husaidia sana ukishajua unachoimba.

Hatua ya sita: zinazoganda kwenye jina

Hizo za juu husimama peke yake, nazo huitwa munfasil. Nyingine huganda kwenye neno, huitwa muttasil, na kwa maoni yangu ndizo zenye kazi nyingi zaidi. Wengi huziogopa. Mswahili hana sababu.

Tazama tunavyosema mkewe, mumeo, mwanangu, nduguye, babake. Hatusemi "mke wake" tu. Tunaikata dhamiri na kuibandika nyuma ya jina. Kiarabu hufanya hivyo kwa kila jina, si kwa ndugu peke yao. Chukua kitaab:

كِتَابِي kitaabii, kitabu changu
كِتَابُكَ kitaabuka, chako (mwanamume)
كِتَابُكِ kitaabuki, chako (mwanamke)
كِتَابُهُ kitaabuhu, chake (mwanamume)
كِتَابُهَا kitaabuhaa, chake (mwanamke)
كِتَابُنَا kitaabunaa, chetu
كِتَابُكُمْ kitaabukum, chenu
كِتَابُهُمْ kitaabuhum, chao

Wanawake watupu: kunna na hunna. Wawili: kumaa na humaa. Huna jipya la kukariri, maana kum umeitoa kwenye salamu, naa kwenye maulana, i kwenye yarabi, hu, haa, humaa na hum kwa khatibu. Iliyobaki ni ka na ki, nazo zimo katika كَيْفَ حَالُكَ؟ kayfa haaluka, u hali gani, na kwa mwanamke kayfa haaluki. Ukimshukuru mtu kwa dua ni "jazaakallaahu khayran", akiwa mwanamke "jazaakillaahu khayran". Naomba sana msiwaambie akina mama "jazaaka". Dua unamwombea yeye, basi mtaje yeye.

Mambo matatu ya kuangalia. Jina likibandikwa dhamiri hupoteza ile n ya mwisho: kitaabun, kisha kitaabuhu. Halichukui pia al mbele, huwezi kusema al-kitaabuhu. Na ة hufunguka ikawa t ya kawaida: saa'atun, kisha سَاعَتُكَ saa'atuka, saa yako.

Kuna jingine ambalo huenda umelishangaa. Kwa nini ni 'anhu lakini ilayhi, lahum lakini 'alayhim? Hu, hum, humaa na hunna zikitanguliwa na kasra au na yaa yenye sukuni (alama ya kukosa irabu), dhumma yake hugeuka kasra: bihi, fiihi, 'alayhim. Sababu ni wepesi wa kutamka. Haa haiguswi: fiihaa, 'alayhaa.

Hatua ya saba: "nina" na "una" sokoni

Kiarabu hakina kitenzi cha kumiliki kama "ana". Husema "kwangu kuna", kwa neno عِنْدَ 'inda lililobandikwa dhamiri. 'Indii, ninacho. 'Indaka, unacho. 'Indaki, unacho mama. 'Indahu, 'indahaa, 'indanaa.

Fanyeni wawili wawili kama mko Mwaloni. Mmoja muuzaji, mwingine mnunuzi:

هَلْ عِنْدَكِ سَمَكٌ؟ Hal 'indaki samakun? Una samaki? (anaulizwa mama)
نَعَمْ، عِنْدِي سَمَكٌ. Na'am, 'indii samakun. Ndiyo, ninao.

Kisha badilisheni: muuzaji awe mwanamume, wawe wawili, wawe wengi. Ka, ki, kumaa, kum. Zoezi hili la dakika kumi nimeliona likifanya kazi kuliko kurasa tatu za kunakili.

Hatua ya nane: zinazoingia kwenye kitenzi

Hapa kaa vizuri, ndipo penye utamu na ndipo penye mtego.

Kiswahili huweka mtendaji ndani ya kitenzi: ni-liandika, u-liandika, a-liandika. "Mimi" hubaki kwa kusisitiza tu. Kiarabu ni hivyo hivyo, ila kwa wakati uliopita mtendaji hukaa nyuma. Mzizi k-t-b unaujua kutoka kitabu, katibu na maktaba:

كَتَبْتُ katabtu, niliandika
كَتَبْتَ katabta, uliandika (mwanamume)
كَتَبْتِ katabti, uliandika (mwanamke)
كَتَبَ kataba, aliandika (mwanamume)
كَتَبَتْ katabat, aliandika (mwanamke)
كَتَبْنَا katabnaa, tuliandika

Kwa wakati uliopo alama hukaa mbele kama kwetu: أَكْتُبُ aktubu, naandika, تَكْتُبُ taktubu, unaandika (mwanamume), تَكْتُبِينَ taktubiina, unaandika (mwanamke), يَكْتُبُ yaktubu, anaandika (mwanamume), taktubu tena, anaandika (mwanamke), نَكْتُبُ naktubu, tunaandika.

Mtego umeuona? Aktubu ina a mbele, nasi a ni yeye: a-naandika. Kwao ni mimi. Naktubu ina na mbele, nasi "naandika" ni mimi. Kwao ni sisi. Katabtu inaishia na tu, nasi tu ni sisi: tu-liandika. Kwao ni mimi. Sauti tatu, na zote zimepishana na zetu. Kila mwanafunzi wangu aliyewahi kutafsiri "naktubu" kama "naandika" alikuwa mwerevu, aliongozwa na lugha yake. Ziandike hizi tatu kwenye karatasi na uibandike mahali unapopiga mswaki.

Mtendwa naye hubandikwa. Sisi tunasema nilimwona, ni-li-mw-ona, vyote mbele ya mzizi. Waarabu husema رَأَيْتُهُ ra'aytuhu: ra'ay (ona), tu (mimi), hu (yeye). Ni neno moja lenye watu wawili ndani, kama letu, mpangilio tu umegeuzwa. Nilimwona yeye mwanamke ni ra'aytuhaa, nilikuona ni ra'aytuka. Na "mimi" akitendwa hupewa n ya kinga kabla ya i: رَآنِي ra'aanii, aliniona. Usiichanganye na ni yetu ya "njooni".

Kataba haina kitu nyuma. Dhamiri yake iko wapi? Imejificha. Wanahau huiita mustatir na kuikadiria kuwa ni huwa. Katika aktubu imejificha ana, katika naktubu imejificha nahnu. Ndiyo ile maana ya kuficha niliyokuomba uikumbuke.

Hatua ya tisa: fungua Fatiha, kisha Kaafiruun

Msomaji asiye Mwislamu anaweza kuzitazama sura hizi kama maandishi tu ya kufanyia zoezi. Ni fupi, na hati yake ina irabu zote.

Katika Fatiha dhamiri zinazoonekana ni sita. إِيَّاكَ iyyaaka iko mara mbili. Ni iyyaa iliyobandikwa ka, dhamiri ya mtendwa inayosimama peke yake na kutangulizwa, na kule kutangulizwa ndiko kunakoleta maana ya "wewe tu". Kinachofuata ni نَعْبُدُ na'budu na نَسْتَعِينُ nasta'iinu. Kumbuka mtego: tunaabudu, tunaomba msaada. Hata ukiwa peke yako chumbani usiku unasema sisi. Katika اهْدِنَا ihdinaa, naa ni sisi: tuongoze. Katika أَنْعَمْتَ an'amta, ta ni wewe uliyeneemesha. Na 'alayhim iko mara mbili, juu yao, kasra yake unajua sasa ilikotoka. Zilizojificha ni tatu: nahnu katika na'budu, nahnu katika nasta'iinu, na anta katika ihdi. Zitafute mwenyewe kwa kidole kabla hujasoma tena mistari hii.

Kisha Kaafiruun, na hapa fanya bila msaada. Utakuta antum mara mbili na ana mara moja, zikiwa zimesimama peke yake. Utakuta 'abadtum, ambamo tum ni nyinyi. Jihadhari na haa ya "yaa ayyuhaa": hiyo si dhamiri, ni herufi ya kuzindua; ya kuita ni yaa. Ukifika aya ya mwisho, لَكُمْ دِينُكُمْ وَلِيَ دِينِ, nenda polepole. Lakum, kwenu. Diinukum, dini yenu. Liya, kwangu. Neno la mwisho ni diini, dini yangu, lakini tazama hati: yaa ya "yangu" haikuandikwa. Imebaki kasra chini ya nuni.